Kofia Juu ya Panya

Akiingia ofisini asubuhi, Papa Pointeur alivua kofia yake na kuiweka juu ya kipanya cha kompyuta. Si pembeni, juu yake kabisa, kikafunikwa chote, ukabaki waya tu umechomoza nyuma. Baada ya hapo ndipo alipogeuka kutusalimia, meza kwa meza, kwa mkono, bila haraka yoyote. Sisi wa Lubumbashi kipanya tunakiita kwa Kifaransa, souris, na souris si kitu kingine ila panya. Wengine wote tulilitumia neno hilo bila kulifikiria. Yeye alilishika.

"Ile ni panya," alituambia. "Panya inakulaka nini? Inakulaka saa yako. Uko unaipeleka kule, unairudisha huku, unatafuta ka-bouton ka kubonyeza, jua inaenda. Miye siwezi kulisha panya."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala babu yake alishuka na treni gani kutoka kaskazini. Hakunisimulia, nami si ofisa wa sensa. Ninachoweza kusimulia ni mikono yake, kwa sababu kwa miaka mingi meza yangu ilitazamana na yake katika ofisi ya kampuni moja ya malori huko Kampemba. Mimi nilishughulikia magazini, yaani vipuri na matairi. Yeye alikuwa pointeur, karani wa mahudhurio: aliandika nani amefika, nani amechelewa, nani hakuja kabisa, na kila juma alipanga zamu za madereva. Kazi yake yote ilikaa ndani ya majedwali ya kompyuta. Mikono ile niliitazama kuliko ya mume wangu, na mume wangu analijua hilo.

Ilikuwa mikono minene, ungemdhania mtu wa kufyatua matofali, lakini juu ya klavye, yaani kibodi, ilitembea yenyewe. Macho yake yalikuwa dirishani, au kwako wewe unayezungumza naye, huku jedwali likijipanga. Alizitaja herufi chini chini, kwa sauti ya mtu anayesali litania. Contrôle G, gras, maandishi yanakolea. Contrôle B, bas, ulichoandika juu kinajinakili hadi chini. Contrôle D, droite, kinajinakili kwenda kulia. Contrôle Z, kosa limefutika. Contrôle S, hifadhi, na hiyo aliibonyeza kila baada ya pumzi mbili tatu, kwa sababu umeme wetu hauagi unapoondoka. Siku moja tunakula bukari, ugali wetu, mchana, taa ikafifia, nikamwona kidole chake kikibonyeza meza pembeni ya sahani. Alikuwa anahifadhi chakula.

Ajabu ni kwamba nje ya klavye alikuwa mzito kupindukia. Karanga alizimenya moja moja, akapuliza ganda, akaitazama punje kabla ya kuila. Ukimuuliza habari za nyumbani, jiandae kusimama. Hadithi ya kununua mfuko wa makaa ilianzia kwa mchoma makaa porini na ilifika mjini umeshachoka miguu. Nilimwambia, "Papa, kwa hii hadithi haina raccourci?" Raccourci ndiyo njia ya mkato, zile herufi zake. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaendelea palepale alipoishia.

Na kwa saa za watu wengine hakuwa na huruma hata chembe. Dereva mmoja alifika amechelewa, mikono myeusi kwa grisi, akaanza kujitetea kwa habari ya tairi.

"Papa, pneu ilipasuka mu njia."

"Pneu ilipasuka, na weye ulichelewa. Naandika yote mbili."

Akaandika kweli. Halafu mtu huyohuyo, jua likianza kuinama, alichukua kofia yake juu ya panya na kupenya mlango wa nyuma, kando ya pale malori yanapooshwa, kabla directeur, mkurugenzi wetu, hajaanza mzunguko wake wa jioni. Pointeur mwenyewe, anatoroka kazi! Madereva walimwona kila siku, pamoja na wale aliowaandika, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mwanzoni nilidhani wanamwogopa.

Alitufundisha sote, bila kuombwa. Ukisogeza mkono kwenye panya, ulisikia ulimi wake ukigonga kinywani kutoka meza ya pili. Lakini alitufundisha pia jambo ambalo hakuna shule inayolifundisha, nalo ni kuficha. "Ukiisha mbio, usionyeshe," alisema. "Patron akiona uko muzima, anakuongezea. Acha tableau mbele yako, kunja uso, shuka chini, panda juu. Ile saa ni yako, hapana ya yeye." Basi ukipita mlangoni ungetuona ofisi nzima tumekunja nyuso mbele ya majedwali yaliyokwisha zamani, na ungetuhurumia.

Nilikuja kujua anakimbilia wapi kwa sababu ya kofia. Siku moja directeur alimshika kwa maneno mlangoni, akachelewa kidogo, na alipoachiwa alikimbia hata akaisahau kofia juu ya panya. Sikuwahi kumwona akikimbia. Niliichukua, nikapanda basi, nikaenda hadi kwake, mtaa wa Hewa Bora, nikiwa nimejiandalia maneno ya kumtania.

Maneno hayo sikuyasema. Mlango ulikuwa wazi. Papa Pointeur alikuwa amepiga magoti kitandani, mikono yake minene imepita chini ya mwili wa mkewe, anamvuta kutoka ukutani. Mama huyo alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wote ulikuwa umekufa, na midomo ilifunguka nusu. Walimwegemeza kwenye mito, lakini mwili uliteleza polepole kuelekea ukutani, na uso ukiingia kwenye mto hakuwa na nguvu ya kuutoa. Ilibidi awepo mtu wa kumgeuza. Mchana alikuwepo jirani, Mama Bitumbula, aliyekaanga bitumbula zake uani hapo hapo ili aweze kuingia na kutoka. Lakini maandazi hayo yanauzwa jioni. Jua likiinama, alijitwika beseni na kwenda sokoni, na kabla mgonjwa hajateleza ilikuwa lazima Papa Pointeur awe amefika. Hakuwa na mwingine. Watoto wao walikuwa mbali, na mshahara ulikwenda kwenye dawa. Ndiyo yote: kila jioni mtu yule alishindana na mteremko wa mto.

Mama aliniona na kofia mkononi, akacheka kwa nusu ya uso.

"Eh! Ile kofia inakuya na bibi?"

"Ni mama wa magazini," alisema mumewe, akihema.

"Huyu bwana yangu anakimbiaka kila mangaribi. Ku kazi beko banamufukuza?" Ati kazini wapo wanaomfukuza.

Nilikaa. Nikaona desturi yao, na tangu siku hiyo sijaisahau. Alipokwisha kumweka sawa, kumpangusa na kumnywesha uji, mama alimuuliza, "Leo unaniletea nini?" Wanaume wengine wangeleta mkate au nyama ya kuchoma. Yeye alimletea raccourci. Alimweleza ile aliyoigundua siku hiyo, au aliyoitumia vizuri, na ikiwa hakuna mpya alimpa ya zamani. Mama hakuwahi kugusa kompyuta. Lakini alizijua zote.

"B?" mumewe alimuuliza.

"Bas. Chini."

"D?"

"Droite. Ule upande yangu yenye inafwa," alijibu mama, na wote wawili wakacheka. Mimi nilitazama sakafu.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kuruka, lakini siwezi. Kampuni iliuzwa. Wenye mali wapya walitaka ripoti zote kwa Kiingereza, na wakaleta kompyuta mpya zenye klavye za Kiingereza na programu ya Kiingereza. Directeur alibaki yuleyule, isipokuwa sasa alikuwa na hofu ya kufukuzwa, na hofu yake alitugawia sisi.

"Bote tunatumika mu Anglais," alitangaza. "Haina discussion."

Asiyejua atasema, klavye ni klavye. Si kweli. Herufi zilikuwa zimehama vyumba. Pale Z ilipokaa kwenye klavye ya Kifaransa, sasa ilikaa W. Na amri zenyewe zilikuwa zimegeuka. B haikuwa tena chini, ilikuwa ya kukoleza maandishi. D, ambayo maisha yake yote ilikwenda kulia, kwa Kiingereza ilishuka chini. Wengine tulisumbuka kidogo, tukaishika panya, mambo yakaenda. Yeye hakuwa na macho ya kutafutia herufi, alikuwa na mikono tu, na mikono yake ilikuwa imesoma kwa Kifaransa. Nilimwona akiinama juu ya klavye, anatafuta kwa kidole kimoja, jasho kwenye paji la uso. Fundi wa kompyuta aliyekuja kuzifunga alimhurumia.

"Papa, kamata souris. Souris haina luga."

"Miye siwezi kulisha panya," alijibu. Kofia ikabaki pale pale.

Nilikasirika naye, nitasema wazi. Kiburi ni kiburi, hata kwa mtu mwema. Aliomba arudishiwe klavye yake ya zamani, directeur alikataa. Jioni zikaanza kubana. Alikuwa bado anatoka kwa mlango wa nyuma, lakini sasa jua likiwa limeshaingia nyuma ya paa la karakana, na aliondoka karibu anakimbia.

Siku yenyewe mimi nilikuwa nimetumwa kwenye depo upande mwingine wa mji. Yaliyotokea nimeyapata kutoka kinywani mwake, na madereva wakayathibitisha. Alikuwa anapanga zamu za juma. Majina ya madereva yalishuka chini, siku zilikwenda kulia. Tangu asubuhi alikuwa amezungumza na kila dereva, huyu ana mtoto mgonjwa, yule ana ubatizo, na akawa amemwandikia kila mmoja zamu yake kwa siku ya kwanza. Kilichobaki kilikuwa kuzinakili kulia hadi mwisho wa juma, kisha achukue kofia. Kwa mkono wake wa zamani ni kufumba na kufumbua.

Jua lilikuwa limeinama. Alitazama dirishani. Haraka ikamrudisha kwenye Kifaransa. Alichagua visanduku vyote vya zamu na kubonyeza Contrôle D.

Haikwenda kulia. Ilishuka. Zamu ya dereva wa kwanza, ya usiku, ikawaangukia wote hadi chini, ikafuta kila alichoandika tangu asubuhi. Aliona. Mkono ukaenda wenyewe pale Z ilipokuwa ikikaa, ili kosa lifutike. Pale palikuwa na W, na Contrôle W kwa Kiingereza inafunga jedwali. Kompyuta ikauliza kwa Kiingereza kama ihifadhi au isihifadhi. Hakusoma. Mtu aliyezoea kuhifadhi kila pumzi hasomi swali hilo, alibonyeza kukubali. Jedwali likafungwa na kosa lake ndani, na njia ya kurudi ikafungwa nalo. Madereva wote usiku, asubuhi hakuna hata mmoja.

Wale wa usiku walikuwa wameshafika getini wakingoja majina. Directeur akaja, akatazama kioo, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Utatoka ukiisha."

Ilibidi awapigie simu tena mmoja mmoja. Wengine walikuwa barabarani, hakuna mtandao. Katikati ya simu hizo alimpigia Mama Bitumbula. Alikuwa sokoni tayari, beseni mbele yake, wateja wakimzunguka.

"Niliisha kutoka, Papa," alimwambia. "Niliona jua, nikatoka. Weye hauchelewake."

Aliacha kila kitu na kurudi mbio, hilo lazima nimwandikie. Lakini soko liko mbali, na mto haukungoja.

Kilio kilikaliwa uani, pale pale penye jiko la bitumbula. Wanawake wa parokia waliimba, madereva walikaa kwenye mabenchi kwa sare zao, hata yule wa pneu. Hapo nikaelewa kwamba walikuwa wanajua kitambo. Mmoja alimpeleka nyumbani kwa lori siku ya mvua, akaona kama nilivyoona mimi. Papa Pointeur aliketi kwenye kiti cha plastiki. Nilikaa karibu naye, akaanza kusema mwenyewe, kwa sauti ndogo, polepole kama kawaida yake, bila kuruka kitu.

"Nilisema kidogo tu, naisha, natoka. Nikimuacha directeur na ile tableau, kesho sina kazi. Na dawa? Njo nikakaa."

"Papa, haiko juu yako."

"D ni chini," alisema. "Bananiambia. Nilijua. Mikono njo haikujua." Akaitazama mikono ile juu ya magoti. "Na yeye angeniuliza, leo unaniletea nini. Ningemuletea ile. D ni chini."

Nililia. Nililia kuliko baadhi ya ndugu, na sikuona aibu. Directeur alikuja na ujumbe wa kampuni na kreti za sukari, yaani soda, akamshika mkono, akasema zamu zilitoka bien, vizuri kabisa, kazi haikusimama. Alidhani anamfariji. Mimi mtu huyo sijamsamehe mpaka leo, na padri anajua.

Alirudi kazini, akamaliza mwezi. Alivaa kofia yake kichwani, ofisini, kutwa nzima. Jua likiinama hakusogea. Tulivaa makoti, tukamuaga, tukamwacha ameketi. Halafu siku moja kiti kilikuwa kitupu, na pointeur mpya akaja na panya yake.

Miaka ilipita kabla sijamwona tena. Wanawake wa parokia yetu walinipa kazi ya kupanga zamu za kufagia kanisa, na kompyuta ya nyumbani ilikuwa imekufa. Nikaingia kwenye duka moja la kuchapisha la kule Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, si nchi, nyuma ya soko, duka lenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Wateja walijaa mlangoni. Kwenye kompyuta ya ndani alikuwa yeye. Alikuwa amekonda, na kofia ilikuwa kubwa kwake.

Nilitaka kumwita, nikasita, kwa sababu niliona mkono wake. Ulikuwa juu ya panya. Alikuwa anapeleka mshale juu, anafungua mlolongo wa amri, anashuka kwa kila mstari akiusoma, anachagua mmoja, anarudi kwenye jedwali, anabonyeza sehemu moja ndogo, kisha anapanda tena juu. Nilidhani pengine ni klavye tena. Nikachungulia. Ilikuwa ya Kifaransa, Z mahali pake, na programu ya Kifaransa kabisa.

"Papa Pointeur."

Aligeuka, akasimama, akanishika mikono yote miwili. Akaniuliza habari za mume wangu, za watoto, za mabati ya paa ambayo yalivuja zamani zile, na hakusahau hata jambo moja. Mteja nyuma yangu akaguna. Alipokwisha, nilishindwa kujizuia.

"Papa, na ile panya?"

Aliitazama.

"Inakula," alisema. "Iache ikule. Saa, niko nayo mingi."

Nilimpa karatasi yangu ya majina ya akina mama, nikamwambia nitairudia kesho, hakuna haraka. Aliisoma. Kisha akatazama nje, juu ya vichwa vya watu, pale jua lilipokuwa limeinama juu ya mabati ya soko.

"Weye, kwako beko bantu?"

"Beko, Papa."

"Beko banakungojea?"

"Beko."

Alivua kofia. Akaiweka juu ya panya, juu yake kabisa, akaifunika yote. Mikono ikashuka kwenye klavye, na macho yake yakabaki kwangu, akinisimulia kuhusu fundi wa mabati aliyemfahamu zamani huko Katuba. Contrôle B, Contrôle D, Contrôle S. Kabla fundi hajapanda ngazi katika hadithi yake, mashine ilikuwa imeanza kutoa karatasi yangu. Wateja walisogea kutazama. Nadhani hakuna aliyejua pale kwamba mzee yule anaweza.

"Kamata," alisema. "Nenda. Usisimame mu njia."

Nilikwenda, nimeishika karatasi bado ina joto. Mlangoni niligeuka. Kofia ilikuwa imerudi kichwani, na mkono wake ulikuwa juu ya panya, unatafuta ka-bouton.